Pinboli kwenye Game Boy Color: flipa ya kushoto haiitiki, ni kidole changu au ni batani?

Daftari_la_Pointi

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya mtu aliyecheza pinboli (gemu ya kuuzuia mpira usidondoke chini ya meza kwa vikono viwili viitwavyo flipa) kwenye Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya mkononi, kwa muda mrefu. Suala hili nimelizungusha kichwani wiki tatu na bado sijapata jibu.

Mashine yangu ni Game Boy Color ya zambarau niliyoachiwa na kaka yangu alipoondoka nyumbani kwenda kujitegemea. Kaseti ni Pokémon Pinball ya mwaka 1999. Kwa wasioijua, ni kaseti nene kuliko za kawaida, inachomoza juu ya mashine, na ina kijumba chake cha betri moja ndogo ya AAA kwa ajili ya mota ya mtetemo iliyomo ndani. Mpira ukigonga bampa, yaani kile kigingi kinachourusha mpira, unausikia viganjani. Kuna meza mbili, Red na Blue. Mimi nacheza Red tu. Nimeamua kuijua meza moja mpaka ndani kabla ya kwenda nyingine.

Kila mchezo nina mipira mitatu, na tangu mwanzo wa mwezi naandika kwenye daftari kila mpira umepotelea wapi. Mpaka jana usiku nilikuwa nimeshaandika mipira 60. Kati ya hiyo, 31 imeishia njia ya pembeni kushoto (ile inayoupitisha mpira nje ya flipa mpaka upotee), 17 imepita katikati ya flipa mbili, 12 imeishia pembeni kulia. Kule chini meza inafanana pande zote mbili. Kwa nini kushoto kunameza zaidi ya mara mbili na nusu ya kulia?

Njia za pembeni ndiyo sehemu ninayoihangaikia kuliko zote. Kule chini anakaa Pikachu, yule kiumbe wa Pokémon mwenye umeme. Mpira ukipita kwenye kile kizungusho cha kushoto, umeme wake unajaa kidogo kidogo, na ukishajaa, mpira ukiangukia njia aliyosimama yeye anaupiga shoti na kuurudisha juu. Ila ni mmoja tu, na anahama kwa flipa: ukibonyeza ya kushoto anakwenda kushoto, ukibonyeza ya kulia anakwenda kulia. Kwa hiyo mpira ukielekea pembeni una muda mfupi sana wa kumwita aje upande wako.

Jana umeme ulikuwa umejaa. Mpira wangu ulikuwa umeshapanda daraja mpaka Ultra Ball, kitu ambacho kwangu hakitokei kila siku. Ukagonga ukingo juu ya njia ya kushoto, ukasita pale, halafu ukaanza kuingia. Nikabonyeza kushoto. Nina hakika nilibonyeza, kidole kilihisi batani ikizama. Pikachu akabaki kulia, na mpira ukapita. Niliweka mashine mezani na kukaa nikiitazama.

Mambo niliyokwisha kujaribu: betri mpya za AA, zote mbili za aina moja. Kukaa chini ya taa, kwa sababu skrini hii haina mwanga wake yenyewe. Kubonyeza kwa ubavu wa kidole gumba badala ya ncha. Rafiki yangu mmoja akanishauri nibonyeze flipa zote mbili kwa pamoja kila mpira unaposhuka, nikafanya hivyo siku mbili na daftari halikubadilika.

Swali langu ni moja. Nitajuaje kama tatizo ni kidole changu au ni mashine? Kama ni kidole, nitafanya mazoezi, muda ninao. Kama ni mashine, sitaki kuendelea kujifunza vibaya juu ya batani mbovu.

Fundi_Raba

Ndugu, hongera kwa hilo daftari. Watu wengi wanakuja hapa na "gemu inazingua" na hakuna cha kushika.

Jibu Pikachu ameshakupa mwenyewe. Yeye hajali umebonyeza mapema au umechelewa, anahama kila batani inaposomwa. Kama ulibonyeza na hakusogea kabisa, basi mashine haikuona kitu. Ungekuwa umechelewa, ungemwona akifika kushoto mpira ukiwa umeshapita. Hizo ni picha mbili tofauti, na wewe umeona ile ya kwanza.

Lakini usiniamini kwa tukio moja, ipime. Anza mchezo mpya, mpira ukiwa bado kulia kwenye sehemu ya kurushia. Usiguse A, maana A inarusha mpira. Bonyeza kushoto mara 50, kwa nguvu ile ile unayotumia mchezoni, na uhesabu mara ngapi flipa haikuinuka. Halafu rudia 50 nyingine ukiukandamiza ule msalaba wa batani za mwelekeo kwa nguvu. Kama ukibonyeza kawaida inakosa na ukikandamiza haikosi, ni raba.

Ndani iko hivi: chini ya msalaba kuna kipande cha raba laini chenye viduara vyeusi vya kaboni, kimoja kwa kila upande. Ukibonyeza, kiduara kinalala juu ya njia mbili za umeme kwenye bodi na kuziunganisha. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi vikijipenyeza hapo, kiduara kinagusa lakini umeme haupiti vizuri. Unahisi batani imezama kwa sababu kweli imezama. Ni ule muunganisho tu ambao haukutokea.

Kuna jambo la pili la kuangalia. Kwa mpangilio wa kawaida wa kaseti hiyo, chini kwenye msalaba ni kuitikisa meza kuelekea kushoto. Kidole kikilala kimshazari, unabonyeza kushoto na chini pamoja. Ukiona meza inatikisika wakati hujataka, hiyo sasa ni ya kidole, na dawa yake ni tofauti. Kwenye chaguo za gemu kuna mahali pa kubadilisha batani, unaweza kuihamisha flipa kwa muda upande mwingine wa msalaba ukalinganisha.

Ukitaka kufungua, utahitaji bisibisi ya ncha tatu, ile yenye umbo la herufi Y. Bisibisi ya kawaida itakula vichwa vya skrubu. Toa betri na kaseti kwanza. Ukiinua bodi, inua taratibu, maana skrini imeunganishwa nayo kwa utepe mwembamba na utepe ule ukichanika ndiyo basi. Pamba ya masikio, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa njia za bodi na ufute viduara kwa mkono mwepesi. Usisugue, kaboni inatoka. Acha ikauke kabisa.

Bi_Mkubwa_wa_Flipa

Fundi amesema kweli kuhusu batani na sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumzia ile mipira 17 ya katikati, mwanangu, maana hiyo hakuna spiriti itakayoirudisha.

Umesema unabonyeza flipa zote mbili kwa pamoja. Acha leo hii. Kwanza, huwezi kumwita Pikachu kushoto na kulia kwa wakati mmoja, kwa hiyo unacheza bila kujua mlinzi wako yuko wapi. Pili, flipa zote zikiwa zimeinuka hakuna iliyolala chini kuupokea mpira, na mpira unaorudi ghafla unazikuta zote ziko hewani.

Pinboli ni kuutuliza mpira. Wengi wanadhani ni kuupiga. Mpira ukishuka polepole kwenye njia ya ndani ya kushoto, ile inayouleta mgongoni mwa flipa, inua flipa ya kushoto mapema na uishikilie juu. Usiachie. Mpira utateremka, utapanda kidogo kwenye flipa iliyoinuka, utarudi nyuma na kulala kwenye kona kati ya flipa na ukuta. Hapo umetulia. Unaweza kupumua, kuangalia saa ya juu, kuchagua unakotaka kuupeleka. Kisha achia flipa, mpira uanze kuteremka kuelekea nchani, na upige pale unapotaka. Ukiupiga ungali karibu na shina la flipa, unapanda upande ule ule. Ukiusubiri hadi karibu na ncha, unakwenda kwa mshazari upande wa pili. Kulenga kwote kumo katika kusubiri huko.

La pili ni gumu zaidi kulizoea: wakati mwingine usibonyeze chochote. Mpira ukishuka kwa mwendo wa wastani kuelekea flipa ya kushoto iliyolala, uache uidundie. Utaruka juu ya lile pengo na kwenda flipa ya kulia ukiwa umepungua kasi, na pale unaukamata. Mara ya kwanza mkono unakataa kabisa. Mimi nilikaa nimeinua vidole gumba vyote hewani ili nisibonyeze, na nilipoona mpira umevuka pengo na kutua upande wa pili nilipiga kelele usiku wa manane.

Jambo jingine ni macho. Meza hiyo haisogei na mpira. Imekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini, na mpira ukishuka skrini inabadilika mara moja. Ukiufuata mpira kwa macho, pale skrini inapobadilika unaupoteza kwa kitambo, na kitambo hicho ndicho unachokihitaji. Mpira ukiwa juu na unaanza kushuka, peleka macho mapema mahali utakapoingilia chini. Unaingilia pengo lile lile kila mara, ukishayajua mapengo huna haja ya kuutafuta.

Nina mashine yenye skrini mbili pia, na Metroid Prime Pinball ya 2005, ambayo meza yake imetandazwa juu na chini bila kukatizwa. Ni raha. Lakini uvumilivu nilijifunzia kwenye Game Boy.

Daftari_la_Pointi

Ahsanteni sana. Nimerudi na majibu, na nitayaandika kama yalivyo.

Kipimo cha Fundi nilikifanya juzi. Kubonyeza kawaida, mara 50: flipa haikuinuka mara 11. Kukandamiza kwa nguvu, mara 50: ilikosa mara moja. Nilirudia asubuhi mkono ukiwa haujachoka, nikapata 9 na sifuri. Meza kutikisika bila kutaka sijaiona hata mara moja, kwa hiyo ule mshazari wa kidole nimeufuta.

Jana nimefungua. Ilinichukua muda kupata bisibisi ya Y na nilikataa kutumia nyingine. Kulikuwa na nywele moja ndefu imejikunja chini ya raba, siyo yangu, labda ya kaka. Viduara vitatu vilikuwa vyeusi vya kufifia, kama masizi. Cha kushoto kilikuwa kinang'aa. Nilikigeuza kwenye mwanga nikaona utando wa mafuta juu yake, na kwenye bodi mahali pake palikuwa na alama ya duara, kama pete ya kikombe mezani. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya kahawia, ya pili kijivu, ya tatu nyeupe. Niliacha vipande vyote juu ya kitambaa usiku kucha.

Leo: mara 50, zimeitika 50. Nikarudia mara 100 kwa sababu sikuamini. Zote.

Nimejisikia vibaya kidogo pia, Fundi. Wiki tatu nimekuwa nikijilaumu kwamba nimechelewa, na kila nilipojilaumu nilibonyeza mapema zaidi. Sasa batani inaitika na mimi ndiye ninayewahi. Mpira haujafika flipa imeshainuka na kushuka. Kwa hiyo batani imepona na mkono umebaki na kilema ilichouachia.

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimejaribu kuutuliza mpira. Upande wa kulia nimeweza siku ile ile. Nimeshika A, batani ya flipa ya kulia, mpira ukapanda, ukarudi, ukalala. Sikuwahi kuuona mpira wa gemu hii ukiwa umesimama. Una mchoro mzuri, ile mistari ya Poké Ball huwa inazunguka haraka na huioni. Upande wa kushoto nauinua mapema mno na kuuachia mapema mno.

Nina swali la nyongeza. Nilipofungua kijumba cha betri kwenye kaseti nimekuta betri ya AAA imevuja, kuna unga mweupe kwenye chuma cha mwisho mmoja. Mtetemo ulikuwa bado unafanya kazi lakini dhaifu. Nifanye nini?

Fundi_Raba

Itoe sasa hivi, usisubiri. Kama ni betri ya alkali, ule unga unaondoka kwa siki: pamba imelowa kidogo, si ya kuchuruzika, gusa unga, utaona unatoa povu dogo, futa, kisha futa tena kwa spiriti. Vaa glavu, usiuguse kwa vidole na kupeleka machoni.

Gemu inacheza vizuri bila AAA, inakosa mtetemo tu. Rekodi zako hazitunzwi na betri hiyo, zinatunzwa na betri nyingine ya kidonge iliyochomelewa ndani ya kaseti. Mimi AAA naiweka ninapocheza na kuitoa ninapomaliza.

Kuhusu kulaumu mkono: punguza. Mkono ulikuwa unajibu kile ulichokipata.

Kipanga_wa_Kirby

Nimepita tu lakini mada imenigusa. Ndugu Daftari, kama una njia ya kupata kaseti nyingine, tafuta Kirby's Pinball Land ya 1993. Ilitengenezwa na HAL Laboratory, wale wale waliotengeneza Revenge of the 'Gator mwaka 1989 kwa Game Boy ya kwanza, ambayo nayo ni pinboli nzuri sana, yenye mamba kila kona.

Kwa tatizo lako la kuwahi, Kirby atakusaidia kwa jambo moja. Mpira ni Kirby mwenyewe, na akianguka kabisa chini, pale ambapo gemu nyingine zinakwambia umepoteza, kuna kirusho kinachokupa nafasi ya kubonyeza kwa wakati sahihi na kumrudisha juu. Ni mazoezi ya kubonyeza mara moja, kwa wakati wake, bila papara. Mimi nilijifunza kusubiri pale.

Angalizo: ukiicheza kwenye Game Boy ya kwanza ya kijivu, skrini yake ni nzito, kitu kinachokwenda kasi kinaacha kivuli nyuma yake na mpira unafifia kabisa. Kwenye Color yako haitakuwa hivyo.

Bi_Mkubwa_wa_Flipa

Marahaba mwanangu. Kwa flipa ya kushoto fanya hivi: cheza michezo mitatu ambayo hutafuti pointi hata moja. Kazi yako ni kuutuliza mpira kushoto, basi. Ukiukamata, uachie ushuke wenyewe mpaka flipa ya kulia, uukamate, uurudishe kushoto. Mpira ukipotea usijali na usiandike kwenye daftari.

Na usihesabu kwa akili. Sikiliza. Mpira ukigusa kitu kuna sauti, na ukiwa na mtetemo kuna mguso. Inua flipa baada ya kuusikia mpira umeingia njia ya ndani, si kabla.

Daftari_la_Pointi

Siki imefanya kazi, chuma kimebaki na doa lakini ni kisafi. Nimeweka AAA mpya na mtetemo ni mkali kiasi kwamba nilishtuka, sikujua kuwa ndivyo ulivyotakiwa kuwa siku zote. Sasa nasikia tofauti ya bampa na ukuta bila kuangalia.

Michezo mitatu ya bila pointi nimeicheza jana. Nilishindwa kutoandika, samahani Bi Mkubwa, lakini niliandika tu mara ngapi mpira umetulia kushoto: mchezo wa kwanza mara 2, wa pili mara 2, wa tatu mara 7. Kusikiliza ndiko kulikonisaidia. Katika ule wa tatu nilizima kabisa mawazo ya kuwahi na nikasubiri ule mguso mdogo.

Leo nimeanza ukurasa mpya wa daftari. Mipira 12 mpaka sasa: kushoto 3, katikati 5, kulia 4. Mmoja wa hiyo ya kushoto, Pikachu alikuwa amefika na amesimama pale pale, ila umeme ulikuwa haujajaa. Huo ni wangu mwenyewe, sikupita kwenye kizungusho vya kutosha.

Ile ya kuacha mpira udundie flipa bila kubonyeza bado sijaiweza. Kidole kinabonyeza chenyewe. Nitarudi nikishaiweza.